Maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu ngoma za Usukumani, wachezaji wake na namna ya kuwaalika

Simu ya kikundi inakaa mfukoni mwangu, kwa hiyo maswali yote huanzia kwangu. Kuna wanaotaka ngoma ya harusi, kuna wanafunzi wenye kazi ya chuo, kuna walioona kipande cha video cha mtu kajivika chatu shingoni wakataka kujua kama ni kweli. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake saa nne za usiku, ndiyo maana nimeyaandika. Nimepiga ngoma tangu nikiwa kijana wa kuchunga. Ukatibu nilipewa baadaye, kwa sababu katika kikundi kizima mwandiko wangu ndio uliokuwa unasomeka.

Mnasema ninyi ni Bagalu. Hilo ni kabila?

Hapana. Kabila letu ni Wasukuma, watu wa kusini mwa Ziwa Viktoria: Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita na kuendelea. Bagalu na Bagika ni pande mbili za ngoma. Wala si koo, maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa pande tofauti.

Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwapo mafundi wawili wa ngoma ambao pia walikuwa waganga, Gumha na Ngika. Kila mmoja alijiona ndiye zaidi. Wakashindana hadharani, watu waamue. Wafuasi wa Gumha ndio Bagalu, wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na ubishi wao haujaisha mpaka leo. Kwa mtu wa mjini nafupisha hivi: ni Simba na Yanga, ila huku mpira ni ngoma na kila kijiji kina wachezaji wake. Mtoto mara nyingi hufuata upande wa baba yake au wa fundi aliyemfundisha. Mke wangu katoka kwenye nyumba ya Bagika, na ikifika mwezi wa sita, msimu wa mashindano, nyumbani kwangu hapakaliki.

Mashindano yenyewe yakoje? Majaji ni akina nani?

Hakuna jaji. Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, hebu nieleze taratibu.

Pande zote mbili zinacheza siku ileile, saa ileile, katika uwanja mmoja. Zamu haipo. Bagalu wanawasha yao upande huu, Bagika wanawasha yao upande ule, na kati yao ni mwendo wa kutupa jiwe. Watazamaji wako huru. Anayechoka kwetu anageuka na kwenda kwa wenzetu, akichoka kule anarudi. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Jua likizama hakuna anayehitaji kutangaziwa, kila mtu ameona kwa macho yake. Zamani mashindano yaliweza kuchukua siku kadhaa mfululizo, watu wakilala palepale.

Kwa hiyo mchezaji wa kwetu hakulelewa kucheza mbele ya watu waliokalishwa kwenye viti. Alilelewa mbele ya watu wanaoweza kuondoka. Ukijua hilo utaelewa kwa nini wachezaji wanarusha majembe hewani, kwa nini kuna nyoka, kwa nini kuna sanamu za mbao zinazotingishwa mikono na mtu aliyejificha nyuma ya kitambaa. Kila kimoja kilibuniwa na mtu aliyeona watu wake wanaanza kugeuza migongo.

Nitakupa mfano mmoja. Mwaka fulani tulikuwa tumewakamata watu vizuri tangu asubuhi. Manju wetu, yaani kiongozi wa nyimbo, alikuwa na wimbo mpya wa baba mkwe aliyepokea ng'ombe wa mahari halafu akasema hajaona hata mmoja, na wanawake walikuwa hoi kwa kicheko. Saa saba hivi wenzetu wakamtoa mtu mmoja amevaa kama bwana shamba: miwani ya waya isiyo na vioo, daftari kubwa kama mlango, penseli nyuma ya sikio. Hakucheza. Alipita tu katikati ya ngoma akiwapima watu vichwa kwa kamba na kuandika, kisha akitikisa kichwa kwa masikitiko. Watoto walikimbia kwenda kuona. Watoto wakikimbia, mama zao hufuata. Mama zao wakifuata, umebaki na wazee wasioweza kutembea haraka. Manju wetu akabuni papo hapo ubeti wa kumsuta bwana shamba asiye na shamba, watu kama nusu wakarudi, tukapata matumaini. Jamaa akaja mpaka uwanjani kwetu, akampima kichwa manju wetu, akaandika, akatikisa kichwa, akaondoka. Umati wote ukaondoka naye. Siku ile tulishindwa, na mpaka leo nikimkumbuka nacheka.

Na dawa je? Tunasikia bila dawa hamshindi.

Kila mwenye kupiga simu huuliza hili, tena kwa sauti ya chini. Dawa za mvuto zilikuwapo na zipo. Gumha na Ngika wenyewe walisifika kwa dawa sawasawa na walivyosifika kwa ngoma, na hakuna mzee atakayekuambia vinginevyo. Pia kuna dawa za kinga, kwa hofu kwamba upande wa pili watakuzimia ngoma.

Mimi nasema nilichokiona. Nikiwa kijana nilimwona mzee wetu akifukia kitu katikati ya uwanja alfajiri, sikuuliza ni nini na yeye hakuniambia. Saa sita mchana watu wetu wote walikuwa wamehamia kwa wenzetu, akabaki mzee mwenyewe na mbuzi mmoja aliyekuwa anakula mapambo. Kikundi chetu siku hizi hakina mganga. Akitokea mwanachama mwenye yake, abaki nayo nyumbani kwake.

Manju ni nani?

Ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Kwa Kisukuma tunamwita ningi, na wakiwa wengi ni baningi. Anatunga, anaanzisha, kikundi kinaitikia. Akiwa mzuri hahitaji daftari. Anafika kijijini jioni, anakaa kilabuni au kwenye kahawa, anasikiliza nani kagombana na nani, pamba mwaka huu imelipwaje, na kesho yake asubuhi yote hayo yamo kwenye wimbo. Watu hawabanduki mahali wanapodhani watatajwa.

Ndiyo maana manju wetu hupenda kufika siku moja kabla. Mwandaaji akiniambia "njooni asubuhi hiyo hiyo, tuokoe gharama za malazi," huwa najua tutaimba nyimbo za mwaka jana.

Bugobogobo ndiyo ile ya majembe? Kwa nini majembe?

Ndiyo, na jibu liko shambani. Bugobogobo ilikuwa ngoma ya kulimia, na chimbuko lake liko upande wetu wa Bagalu (hapa najivuna kidogo, mnisamehe). Vijana wa kijiji waliungana kulima shamba la mtu mmoja, kesho la mwingine, chini ya kiongozi wao. Mpiga ngoma alitangulia mbele ya mstari, na majembe yalishuka kwa pigo lake. Mwenye shamba aliandaa chakula na pombe, wakati mwingine akachinja. Pamba iliposhika kasi Usukumani mashamba yaliongezeka na jembe la mkono ndilo lililokuwa trekta, kwa hiyo ngoma hii ilifanya kazi kwelikweli.

Ukiangalia wachezaji vizuri utaona bado wanalima. Goti linakunjwa, mgongo unashuka, mguu unasogeza udongo ambao haupo. Kuzungusha jembe hewani na kulidaka kulianza kama majivuno ya kijana mwenye nguvu kuliko wenzake kwenye mstari. Majembe tunayotumia ni ya kweli, ya chuma, na makali yake yamepunguzwa kidogo tu. Tukisema watoto warudi nyuma hatua tano, tunamaanisha hatua tano.

Nyoka ni wa kweli? Ameng'olewa meno?

Ni wa kweli. Wanaocheza na nyoka wana chama chao, Bayeye. Hao ni watu wanaojua kuwakamata nyoka, kuwatunza na kumtibu aliyeumwa, na ngoma ni sehemu moja tu ya elimu yao. Huingii kwa kutamani, unafundishwa kwa muda mrefu na kuna mambo hawamwambii mtu wa nje. Nami si mmoja wao, hapa nawasema jirani zangu.

Unayemwona kwenye video mara nyingi ni chatu. Chatu hana sumu, anaua kwa kubana, na mtu anayemvaa shingoni anajua ashike wapi ili asibanwe. Wapo pia wanaocheza na wenye sumu, na mimi huwaangalia kwa mbali. Usimguse nyoka hata ukiambiwa amelala. Na ukiumwa na nyoka nyumbani kwako, nenda hospitali kwanza, usinipigie mimi.

Kwa waandaaji: nyoka ni mnyamapori, na kumtunza au kumsafirisha kunahitaji kibali. Usiniulize siku mbili kabla ya harusi kama tunaweza "kuongeza na nyoka."

Tunaweza kuwaita mcheze dakika tano mgeni rasmi anapofika?

Mnaweza. Tumeshacheza kwenye mapokezi ya Mwenge, kwenye ufunguzi wa visima, kwenye mahafali. Ila ujue unanunua nini. Ngoma ya Kisukuma huanza polepole: mapigo ya kuita, wimbo wa salamu, watu wanasogea, wachezaji wanapata joto, na utamu unaingia baada ya nusu saa. Dakika tano zinatosha salamu tu.

Niseme na linaloniuma. Kuna ofisi moja ilituita tufike saa mbili asubuhi. Tukafika, njuga miguuni, tukasimama juani. Mgeni alikuja saa tisa alasiri. Tukapiga, akapita akitupungia mkono akiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa, na msimamizi wa sherehe akatuonyesha ishara ya kukata shingo, maana yake tunyamaze. Malipo yalikuwa soda moja kila mtu, na ahadi. Mama mmoja katika kikundi, mcheza ngoma tangu enzi za bibi zake, aliketi kwenye kingo ya mtaro akafungua njuga moja moja bila kusema neno. Tangu siku hiyo tuna masharti, na yako kwenye swali linalofuata.

Bei yenu ni kiasi gani?

Sitaji bei hapa kwa sababu haifanani. Inategemea idadi ya watu, umbali na muda. Kikundi kamili ni watu wasiopungua 15. Ukitaka 6 tunakuja 6, ila bugobogobo ya watu 6 ni kama timu ya mpira yenye kipa na mshambuliaji tu.

Usafiri ndio unaokula pesa. Ngoma hazikai kwenye bodaboda. Kwa karibu tunapanda Fuso, kwa mbali tunaomba Kosta yenye keria imara juu. Chakula ni chako, na kiwe chakula hasa. Mtu aliyecheza saa mbili hashibi vitumbua. Nusu ya malipo inatangulia kabla hatujaondoka, nusu siku hiyo hiyo kabla ya kupanda gari kurudi. Hatupokei ahadi ya "tutawatumia wiki ijayo."

Wengine huniambia, "lakini ngoma si ni utamaduni wetu sote, mbona mnauza?" MC wa harusi yako analipwa na mpambaji analipwa. Aliyekesha akiwamba ngozi naye ana watoto wa kusomesha.

Kutunza kunafanyikaje? Tunaruhusiwa kuingia uwanjani?

Ingieni. Bandika noti kwenye paji la uso la mchezaji, au mpe mkononi huku ukicheza naye hatua mbili tatu. Kumrushia kutoka mbali hatupendi. Fedha ya kutunza ni ya kikundi, mwekahazina anazikusanya, isipokuwa manju. Akitunzwa kwa wimbo uliomtaja mtunzaji, hiyo ni yake.

Kwa nini mnawasha moto kabla ya kupiga? Ni tambiko?

Si tambiko. Ngozi inakazwa.

Ngozi ikipata ubaridi wa usiku au unyevu wa ziwa inalegea, na sauti inakuwa ya debe lililojaa maji. Kwa hiyo tunakusanya majani makavu au mabua, tunawasha moto wa kupita, si wa kuni nzito, na ngoma zinalazwa kwa ubavu uso ukiuelekea. Mpigaji anakaa pembeni. Kila baada ya muda anagonga kwa kidole cha kati, anasikiliza, anaizungusha robo, anagonga tena. Kwanza inasema *du*. Baadaye inasema *dum*. Ikianza kusema *tim* iondoe upesi, maana inayofuata ni kupasuka, na mjini ngozi nyingine huipati siku ya Jumamosi. Nilishapasua moja nikiwa na miaka kama 14 kwa kuzubaa nikimwangalia binti aliyebeba maji. Mzee hakunipiga. Alinifanya niwambe nyingine peke yangu: kuiloweka, kunyoa manyoya, kuivuta, kupigilia vigingi kuzunguka, kuianika. Tangu hapo sijazubaa tena mbele ya ngoma.

Mvua ikinyesha tunasimama. Hatuna turubai la miujiza.

Wanawake wanacheza pia?

Ndiyo, na wanatunga. Yule mama wa njuga niliyemtaja ndiye anayefundisha vijana wetu wa kiume.

Kuna ngoma ya kukaa chini? Nimesikia jina wigashe.

Ipo. Jina lenyewe linatokana na kukaa. Waimbaji hukaa, wanaimba kwa pamoja, mwili unasema kwa mikono na mabega. Wanaokuja kutafuta vumbi na majembe huipuuza, wanakosa. Maneno ya wigashe yanasikika vizuri kuliko ya ngoma yoyote yetu, kwa hiyo mashairi yake ndiyo yanayokaririwa njiani watu wakirudi nyumbani. Kwa shughuli ya ndani ya ukumbi, mimi ningekushauri wigashe kabla ya bugobogobo. Sakafu ya vigae na jembe la chuma havipatani.

Mnasimulia hadithi kwa watoto?

Tunasimulia, na nashukuru kwamba shule zimeanza kuuliza. Tunaye mzee mmoja na kijana mmoja anayejifunza kwake. Hadithi ya Kisukuma inayoombwa kuliko zote ni ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaliwa Masala Kulangwa, mtoto mwenye akili, akakua akiuliza baba yuko wapi. Mnaoijua mnajua inavyokwisha. Msioijua, alikeni mzee.

Namna yake hii hapa. Mzee haanzi mpaka aitikiwe. Kwa Kiswahili husema, "Hadithi, hadithi!" na watoto wanajibu, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Akiona wameitika kwa uvivu anafunga mdomo. Anafikicha tumbaku, anatazama nje kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini. Nimeona darasa la watoto 60 likibembeleza. Katikati ya hadithi kila mara ana wimbo mfupi, mama anamwimbia mtoto, zimwi linaitikia kwa sauti nene, na watoto ndio wanaoimba. Kwa hiyo ukikata wimbo "ili tuokoe muda" umeondoa mlango ambao watoto wanaingilia.

Kabla ya hadithi huwa kuna vitendawili. Asiyeweza kutegua anatoa mji. "Nipe mji." "Nakupa Shinyanga." Na mzee anaanza kuielezea safari yake ya Shinyanga, alivyokula nyama, alivyopokewa kama mfalme, mpaka aliyetoa mji anajuta. Mtoto mmoja alimpa Dodoma, mzee akakataa. Alisema Dodoma kuna wabunge, watamgombania kiti.

Bibi yangu alikuwa hasimulii mchana. Alisema anayesimulia jua likiwaka ataota mkia. Mzee wetu anasimulia mashuleni saa nne asubuhi, na kila akimaliza anajipapasa nyuma, watoto wanacheka. Wanadhani ni mzaha tu.

Mimi ni Mkristo. Ngoma hizi si upagani?

Nenda Bujora, ukaone. Ni Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliujenga utume wake pale miaka ya 1950 akiwasikiliza Wasukuma badala ya kuwakataza. Kanisa lake ni la mviringo, lina alama za utemi, yaani uchifu wa Kisukuma, ndani yake, na pembeni kuna makumbusho ya Wasukuma yenye nyumba za asili na ngoma za watemi. Hapo ndipo sherehe ya Bulabo ilipopata makao: sikukuu ya Ekaristi, maandamano yenye maua, na maua hayo ndiyo jina lenyewe la Bulabo, kisha Bagalu na Bagika wanashindana.

Wapo wachungaji na masheikh wasiotaka, na kuna wachezaji wetu waliookoka wakaacha. Mmoja aliacha, akakaa miaka mitatu, akarudi kama mshika njuga na hataki kushika kitu kingine. Sijamuuliza.

Niende lini kuona ngoma zenyewe?

Kiangazi, baada ya mavuno: mwezi wa sita hadi wa nane au wa tisa. Bulabo huangukia karibu na mwezi wa sita kwa kufuata kalenda ya Kanisa. Nane Nane vikundi vingi huwa viwanjani, Mwanza ni pale Nyamhongolo. Lakini mashindano matamu yako vijijini na hayatangazwi popote. Muulize mwendesha bodaboda.

Kuna tofauti gani kati yenu na wanaosomea Bagamoyo?

Mwezi wa 12 mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni alilalamika kwamba wengi wetu tunajua rumba na chachacha, lakini ni wangapi wamewahi hata kusikia kiduo au lelemama? Baada ya hapo likaundwa kundi la taifa la ngoma, likakusanya mafundi wa mikoa mbalimbali. Hayati Hukwe Zawose, yule Mgogo wa marimba na zeze aliyezunguka dunia, alipitia mkondo huo. Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa.

Wanaotoka kule wanajua ngoma nyingi. Asubuhi sindimba ya Wamakonde, mchana lizombe ya Wangoni, jioni bugobogobo, na wanazicheza kwa usafi ambao sisi hatuna: mistari imenyooka, dakika zimepangwa, uso wote unaelekea mbele. Nawaheshimu, na vijana wetu wawili nimewashauri waende. Tofauti ni kwamba bugobogobo yao ina mwisho. Sisi ya kwetu inaisha watu wakiondoka.

Basi mnacheza na sindimba?

Hapana. Watafuteni Wamakonde.

Tunaruhusiwa kurekodi na kuweka mtandaoni?

Rekodini kwa simu, tunafurahi. Ukitaka kurekodi kwa kazi ya biashara, tangazo au muziki, tukae chini kwanza, tuandikiane. Kuna mtayarishaji mmoja alichukua sauti ya manju wetu, akaiwekea biti, tukaisikia ndani ya daladala. Manju mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Alimwambia konda ni yeye anayeimba, konda akamwambia alipe nauli.

Kikundi chetu kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na nawashauri wenzetu wote wasajili. Cheti hakikufanyi uimbe vizuri, lakini siku ya kudai haki yako unaulizwa "ninyi ni nani?" na inabidi uwe na karatasi.

Niko Dar es Salaam, nataka kuanzisha kikundi cha vijana wa kwetu. Nianzie wapi?

Anza na mpigaji. Watu huanza na sare, wanashona vitenge, wanapiga picha, halafu wanatafuta nani anajua kupiga. Mpigaji mmoja mzuri na ngoma mbili wanatosha miezi sita. Pili, mtafute mzee anayejua Kisukuma cha ndani, kwa sababu vijana waliozaliwa Mbagala wataimba maneno wasiyoyaelewa, na mtu asiyejua anaimba nini uso wake huwa kama wa mtu aliyepotea stendi. Tatu, msifanyie mazoezi ndani ya ua uliofungwa. Chezeni mahali watu wanapita, kando ya soko au kiwanja cha mpira, na hesabuni wangapi wamesimama na wamekaa muda gani. Mwezi wa kwanza watasimama watoto. Akisimama mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani, akasahau kuishusha, sajilini kikundi.

Tukiwaita, tuandae nini?

Kivuli. Maji ya kunywa, mengi kuliko unavyodhani. Chumba chenye mlango kwa akina mama kubadilisha nguo, si nyuma ya gari. Uwanja wa udongo, usio na mawe, uliomwagiwa maji asubuhi kupunguza vumbi. Nafasi ya watu kusimama kutuzunguka badala ya viti vilivyopangwa upande mmoja. Na gunia moja la majani makavu. Mjini huwa tunayatafuta nusu siku.